Tushikie viatu

Leo Alkhamisi, na tangu Jumapili nina neno limenikaa kama mwiba wa samaki kooni. Haliumi. Ila kila nikimeza mate, lipo.

Mnajua Jumapili baada ya mvua ya kwanza ya vuli sisi huenda wapi. Asiyejua ni mgeni, karibu, atajua njiani. Kilima kilekile cha Mtambwe, hapa Pemba, eka tatu za marehemu babu yake Fundi, alizogaiwa baada ya Mapinduzi, upande ule ambao mikarafuu ilikufa na haikupandwa mingine. Pamebaki udongo mwekundu na majani mafupi, mteremko mmoja mpaka bonde la mpunga. Ikinyesha usiku mmoja wa maana, asubuhi udongo ule umekuwa sabuni. Kila mtu na karara lake la mnazi, unalikalia kama mtumbwi, unalishika ncha, unaserereka. Watu wazima wenye wake na madeni. Tulianza watoto wa skuli na hatukuacha.

Mwanzo wa msimu ndio utamu wenyewe, na ndio unaovunja watu. Udongo umelainika kidole kimoja tu, chini bado mfupa. Visiki vya mikarafuu vimejificha kwenye majani, mizizi imechomoza. Ndiyo maana siku ya kwanza hatuchukui karara zuri. Lile la kijani linaloanza kukauka, lililojikunja vyema, huwekwa kando lisubiri mvua ya pili na ya tatu. La kwanza huwa lolote, lipasuke likitaka.

Mwenzetu wa Norwei (yule mliyesoma habari za harusi yake) alituma sauti asubuhi ileile. Kwao nako msimu umefunguka. Theluji ya mwanzo imeshika kidogo msituni Nordmarka, juu ya Oslo, na yeye na wenziwe wameshaingia na mbao zao za kutelezea. Anasema siku hizi za mwanzo huchukua mbao kuukuu, kwa sababu theluji haijafunika mawe na visiki, na mbao mpya ukiipitisha juu ya jiwe umeiua. Nikacheka peke yangu. Karara bovu kwanza, zuri baadaye; kumbe ni sharia ya dunia nzima. Na kupanda wanapanda kwa miguu kama sisi, ila chini ya mbao wanabandika kitambaa chenye manyoya yaliyolala upande mmoja, zamani ilikuwa ngozi ya sili, yule mnyama wa baharini. Ukipanda, manyoya yanang'ang'ania theluji. Ukifika juu unakibandua, unakitia mfukoni, unashuka. Saa nzima ya kupanda, anasema, kwa dakika chache za kushuka. Sisi tunapanda kwa kushika majani.

Basi tulifika watano: Fundi, Kapteni, Mwalimu, yule jirani wa Kapteni ambaye sasa amekuwa wetu, na mie. Fundi alikuwa ametangulia kuokota makarara. Nikayahesabu kwa macho, yapo manne. Sikusema kitu. Nilidhani la tano liko nyuma ya mti. Akaja Fundi, amekunja suruali, akanitazama kidogo, akasema:

"Weye leo tushikie viatu."

Nikasema, "Viatu?"

Akasema, "Ee. Na simu."

Basi, hayo tu. Wakanipa. Raba mpya za Kapteni, makubadhi ya Mwalimu, yeboyebo za Fundi, na viatu vya yule jirani ambavyo hata kuviita viatu ni hisani. Simu nne. Nikasimama chini ya mshelisheli kama mlango wa msikiti, na wao hao, wanapiga kelele kuteremka, mmoja baada ya mwengine, wanapanda tena, wanateremka tena.

Nilikuwa na nafasi ya kutazama. Ghuba yote iko pale, Wete ng'ambo, na kule Mtambwe Mkuu ambako mwaka 1984 wachimbuaji walikuta hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Sisi kilimani kwetu miaka yote tumechimbua magoti tu. Wachumaji karafuu wakapita na vikapu, msimu umeshika kweli mwaka huu, kila ua lina jamvi limetandazwa. Mama mmoja mtu mzima akasimama, akatazama mikono yangu, akauliza kwa huruma kabisa: "Baba, umewekwa rehani?"

Simu ya Mwalimu ikalia mara mbili, mkewe. Mara ya pili nikaipokea nikamwambia mumeo anaserereka. Akasema sawa, akiserereka mpaka dukani alete mchele. Manyunyu yalipoanza niliviweka viatu chini, nikazitia simu kwapani. Raba za Kapteni ziliingia maji. Niliziona zikiingia maji. Sikuzisogeza.

Sasa hilo neno. Nimeligeuza kila upande. Angesema "shika viatu" ningeshika, nikasahau. Hakusema "shika". Alisema "tushikie". Sisi, utushikie. Yaani wapo "sisi", na yupo wa kuwashikia, na huyo si katika "sisi". Kitu kidogo hicho, silabi moja tu, lakini mtu anatolewa kwa silabi. Halafu "leo". Leo ndiyo ilinipa matumaini mpaka usiku wa Jumatatu: leo, maana yake si daima, Jumapili ijayo karara langu lipo. Jumanne nikaisikia vyengine. Leo, kama daktari anavyosema leo hatutakuchoma sindano, ukajua kesho ipo.

Na "na simu". Hilo sijui hata niliweke wapi. Mtu unayemdharau humpi simu yako.

Nikaanza kutafuta sababu. Goti, labda. Mlisoma ile ya baskeli mwezi wa Ramadhani, na Fundi ndiye aliyenibeba kwenye honda yake mpaka hospitali. Lakini goti limepona, napanda ngazi za ofisi kila siku. Kitambi, labda, karara moja lilinipasukia mwaka jana na wakacheka mpaka Mwalimu akakaa chini. Au ni ile barua. Uhamisho umekuja kweli, Januari naripoti Unguja, na mtoto wa dada amechumbiwa wiki hiihii, nyumba imejaa watu, haya nitayaandika siku nyengine. Nilifikiri: wameshaanza kujizoeza. Wanafanya mazoezi ya kuwa wanne.

Nilimsimulia mke wangu, Mama Nunu. Akasema, "Si ulikaa kivulini, nguo hazikuchafuka? Mie namshukuru Fundi." Nikajua hapo sina wakili.

Jana jioni nikaenda kwa mama. Amefanyiwa jicho Jumatatu, alhamdulillahi limekwenda vizuri, bado amefungwa bandeji na anaudhika kwamba watu wanamwambia habari za rangi ya nguo za bibi harusi asizoziona. Nikakaa naye, nikamtia dawa, na kwa kutafuta la kuzungumza nikamtupia hilo la viatu. Kwa mzaha. Nilitaka aseme Fundi hana adabu.

Akacheka. Mama yangu hacheki siku hizi, akacheka mpaka nikahofia jicho.

"Na yeye kashikishwa mara ngapi?"

"Nani?"

"Mtoto wa watu yule. Kwani hukumbuki weye? Si mlimwacha juu kule na ndala zenu mpaka magharibi."

Sikukumbuka. Wallahi sikukumbuka kitu. Mama akaeleza kama jambo la wiki iliyopita. Fundi alikuwa mdogo wetu, miaka mitatu chini, na kidonda mguuni ambacho hakikupona mwaka mzima ule. Hatukumruhusu kuserereka. Tulimpa ndala azilinde, maana ndala ya kupotea wakati ule ilikuwa na fimbo yake nyumbani. Siku hiyo tumeteremka mpaka chini, tukasikia ngoma na zumari ng'ambo ya bonde, kuna mchezo wa ng'ombe, ule wa kumchokoza fahali. Tukakimbia kama tulivyo, miguu mitupu, matope mpaka masikioni. Juu hakurudi mtu.

"Adhana ya magharibi imekwisha," mama akasema, "nasikia hodi. Natoka, namwona amesimama, ndala amezivaa mikononi. Mbili huku, mbili huku, nyengine kazibana kwapani. Nampa mkate hataki. Namwambia weka hapo mwanangu, hataki. Mpaka anihesabie. Hizi za fulani, hizi za fulani, hizi za mwanao. Halafu akaniambia, mwambie viatu vimetimia."

Nilikaa kimya. Mama akadhani nimesinzia, akaniita.

Viatu vimetimia. Na mie nikazitazama raba za Kapteni zikijaa maji.

Usiku nikamtumia sauti yule wa Norwei, maana na yeye alikuwamo katika waliokimbilia ng'ombe. Kwanza nilimwuliza kwa mchezo, je, huko kwenu nani anashika viatu watu wakiteleza? Akajibu upesi, anacheka: viatu vyenyewe vimefungwa kwenye mbao, yakhe, ukivivua huendi pahala. Kisha nikamsimulia ya mama, yote, mpaka ndala mikononi. Alama zinaonyesha amesikiliza. Hajajibu mpaka naandika hapa.

Sijui ni lipi baya zaidi, kwamba tulimwacha, au kwamba watu wanne tumekua, tumeoa, tumezika wazazi pamoja naye, tumepanda kilima cha babu yake kila mwaka na kukalia makarara aliyookota yeye, na hakuna hata mmoja aliyekuwa nalo kichwani. Limekaa kwa mama yangu. Limekaa labda na kwake. Na sasa lile "tushikie" silisikii tena kama mwanzo. Nalisikia kwa sauti ndogo zaidi, ya mtoto, ambayo haikusema kitu siku ile.

Lakini pia inawezekana aliokota makarara manne kwa sababu yalikuwepo manne. Naandika hili kwa haki.

Leo mchana nikapita dukani kwa Fundi. Nimepeleka chaja ambayo haina ubovu wowote. Alikuwa ameinamia redio ya mtu, moshi wa risasi ya kulehemu ukimpanda usoni, miwani imeshuka puani. Tumezungumza karafuu, bei, mvua. Kapteni amelalamika, Fundi akasema, raba zake zinanuka kama dema la samaki. Nikasema ni mie, niliziacha manyunyuni. Akasema, "Najua. Nilikuona kutoka chini."

Nikaona hapa ndipo. Nikasema, "Fundi, hivi unaikumbuka siku ile ya mchezo wa ng'ombe, tuko watoto, ulibaki na viatu?"

Hakuinua kichwa. Akagusa waya mmoja, akapuliza.

"Viatu vya nani?"

Nimelichunguza jibu hilo njia nzima ya kurudi, na tayari naona nimepata mwiba wa pili kabla ya kuutoa wa kwanza. Alisema kama mtu asiyekumbuka, au kama mtu anayetaka nitaje majina? Kama anataka majina, ningeyataja. Ninayo sasa, kwa mpangilio aliohesabu. Lakini akaingia mteja na feni, wakaanza kubishana, na mie nikachukua chaja yangu nzima nikatoka. Nilipofika mlangoni akaniita: "Jumapili ikinyesha, uje mapema. Makarara mazuri yako upande wa kwa mama Asha, lakini mbwa wake mkali." Nikasema nitakuja. Hakusema nitakuja kufanya nini.

Nimeshaokota karara, kwa taarifa yenu. Liko nyuma ya jiko, nimeliwekea jiwe lisijikunje vibaya. Nimeokota mawili.

Umeme umekatika tangu alasiri, upepo umeangusha tawi la mwembe juu ya nyaya huko njiani na haujarudi. Naandika hii kwa simu iliyobaki asilimia kumi na moja. Karibu nisahau kwamba dawa ya jicho ya mama inatakiwa baridi, na friji yake imezimika kwa muda wa saa sita sasa, na yeye peke yake asingejua kuifungua akaipapasa. Nimemwambia mtoto wa jirani aitie kwenye kitambaa kilichorowa na aitumbukize mtungini, ule mtungi wa udongo wa zamani, maji yake huwa ya baridi hasa. Amesema ameshaitia. Lakini mfuniko wa kichupa kile haufungi vizuri, mie mwenyewe niliuona jana, na sijui kama alikisimamisha au alikilaza.