Theluthi ya Pumzi

Mwaka 2012 nilikuwa mwaka wa pili chuoni Pune, India, na tumbo lilinitesa kweli. Nikila kidogo tu linajaa gesi na kukaza kama ngoma. Kiungulia kinanipanda hadi kooni, choo nakipata siku ya tatu au ya nne, na katika mwaka mmoja na nusu nilikuwa nimetoka kilo 58 hadi 73. Daktari wa zahanati ya karibu na chuo aliniandikia vidonge vya asidi. Vikiisha, ananiandikia vingine. Hakuna aliyeniuliza nakula nini, wala saa ngapi.

Mama aliyetupangisha chumba, tuliyemwita Kaku kama Wamarathi wanavyowaita mama wa makamo, ndiye aliyenipeleka Sadashiv Peth, mtaa wa zamani wa mji ule, kwa vaidya, yaani tabibu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi. Nilikwenda shingo upande. Chumba kilinukia mafuta ya ufuta. Mzee akaomba mkono wangu wa kushoto, maana mwanamke hupimwa kushoto, akaweka vidole vitatu chini ya kidole gumba: cha shahada kinasikiliza vata, upepo, cha kati pita, moto wa nyongo, cha pete kafa, ute na uzito. Akafumba macho muda mrefu. Hadi leo siamini kwamba mshipa unaweza kusema yote hayo. Ila baada ya vidole yalikuja maswali.

Chakula kikubwa unakula saa ngapi? Saa tano usiku, mbele ya kompyuta. Mchana je? Chai na vada pav, mkate wenye kiazi cha kukaanga, ya barabarani. Unalala mchana? Nalala. Unakula na nani?

Hapo sauti ilinikatika. Tangu nitoke Tanga nilikuwa nakula peke yangu.

Akanieleza agni, moto wa tumbo. Ukiurundikia kuni mbichi unafuka moshi na chakula hakiivi. Mabaki yake yanayonata wanayaita ama, na kwao ndiyo yanayomnenepesha mtu huku akikosa nguvu. Moto huo hukolea jua likiwa utosini, kwa hiyo chakula kikubwa kiwe cha mchana. Usiku nile khichdi, mchele na choroko, nami nikamwambia hiyo kwetu ni mseto. Kabla ya kula, kipande cha tangawizi na chumvi ya mawe. Baada ya chakula cha mchana, mtindi uliokorogwa kwa maji na kutiwa bizari nyembamba. Kabla ya kulala, trifala, unga wa matunda matatu makavu, kwa maji ya vuguvugu.

Kisha akanukuu Charaka Samhita, kitabu cha kale cha Ayurveda: tumbo ligawe mafungu matatu, moja la chakula kigumu, moja la majimaji, moja liache wazi. Mwili ulinisisimka. Marehemu baba alikuwa akiturudia hadithi ya Mtume kila tukizidisha wali: theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, theluthi ya pumzi. Nikamwambia. Mzee akaweka kalamu chini, akaniomba nirudie polepole.

Nilikuwa na kopo la vidonge vya kupunguza unene, nimevinunua kwa mchuuzi, limeandikwa Ayurveda kwa maandishi makubwa. Akatafuta jina la mtengenezaji, hakulikuta. "Tupa." Hakuwa na kosa: uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulikuta risasi, zebaki au aseniki katika dawa 14 kati ya 70 za Ayurveda zilizouzwa maduka ya eneo la Boston. Akanituma pia nikapime damu ya tezi ya shingo. "Tezi ikilegea mtu hunenepa na choo hukauka, na hilo tangawizi haiwezi." Majibu yalitoka salama.

Wiki ya pili choo kilirudi. Uzito ulikwenda taratibu, kilo 6 kwa miezi saba, na sehemu yake naihesabia ngazi za kilima cha Parvati nilizokuwa nikipanda alfajiri na Kaku.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni mchana wa kwanza jikoni kwake. Alitia samli kwenye kikaango kidogo, ikachemka, akadondosha punje ndogo kama ya haradali. Harufu ikanirudisha Tanga papo hapo: mvuje! Ule ule ambao bibi alimfunga mdogo wangu mkononi siku za arobaini, kumkinga na vijicho. Sikuwahi kujua kuwa unaliwa. Ndani ya samli ile harufu kali ikageuka, ikawa tamu kama ya kitunguu kinachokaangwa, na Kaku akaimimina juu ya dengu.

Ilikuwa saa saba kasoro. Akaniwekea sahani, akaketi mbele yangu na yake.

"Kula polepole," akasema. "Siondoki."