Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa maadili ya biashara, Malindi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Baada ya swala huketi barazani na daftari langu la masomo, kwa kuwa ndio wakati pekee ambao hakuna anayeniita. Ninafundisha maadili ya biashara kwa wanafunzi wa usimamizi katika chuo kimoja cha hapa Malindi, na somo la leo ndilo ninalolipenda na kuliogopa kuliko yote: namna meneja anavyopima faida na hasara pale ambapo kinachowekwa kwenye mizani ni uhai wa mtu au riziki yake. Wanafunzi hawa hawahitaji kuambiwa na mimi kwamba wizi ni haramu. Hilo walifunzwa nyumbani kabla sijawajua. Kazi yangu ni kuwazoesha kuuliza nani aliyeitengeza mizani, na ni kitu gani hakikutiwa juu yake.

Saa kumi na mbili u nusu. Nilipitia ufuoni kununua kitoweo. Ni msimu wa kusi, bahari imechafuka, na vyombo vilivyotoka usiku vilikuwa vichache, kwa hiyo mama karanga walikuwa wamejazana wakisubiri samaki wa kwenda kukaanga. Kijana aliyekuwa akipima alining'iniza beseni tupu la plastiki kwenye mizani, nami nikaona mshale umeshapita kilo moja kabla samaki hata mmoja hajatiwa. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa mbele yangu akamwambia kwa upole, "Mwanangu, toa kwanza uzito wa beseni lako." Kijana akaikaza ile skurubu ya juu, mshale ukarudi kwenye sufuri, na wala hakuona haya. "Mama, ndivyo tulivyoikuta," akajibu. Nililiandika jibu lake daftarini nikiwa nimesimama palepale, kwa kuwa naamini halikuwa la uongo. Huenda kweli aliikuta hivyo, na aliyemtangulia naye aliikuta hivyo, na kwa muda wote huo mama karanga walikuwa wakilipia plastiki kwa bei ya samaki.

Saa tatu asubuhi. Darasa la kwanza. Kabla sijasimulia kisa chochote, niliandika tarakimu ubaoni na kuwataka wanafunzi wazipige hesabu kama wahasibu. Upande wa kushoto: vifo 180 kwa dola 200,000 kila kimoja, majeruhi 180 wa moto kwa dola 67,000 kila mmoja, na magari 2,100 yaliyoteketea kwa dola 700 kila moja. Upande wa kulia: magari milioni 12.5, kila moja likihitaji marekebisho ya dola 11. Hawakuchukua dakika tano. Kushoto ilitoka takriban dola milioni 49.5, kulia dola milioni 137.5, na mwanafunzi mmoja wa mstari wa mbele akatamka kwa sauti ya kujiamini kwamba marekebisho hayalipi. Kisha akayatazama tena maneno yaliyoandikwa mwanzoni mwa safu ya kushoto, akanyamaza.

Hesabu hiyo ilitoka katika waraka wa kampuni ya Ford wa mwaka 1973, na duniani kote hufundishwa pamoja na kisa cha gari la Pinto, ambalo tangi lake la mafuta lilikuwa nyuma na likapata sifa mbaya ya kuwaka moto lilipogongwa. Hapa huwa nachukua muda mrefu, kwa sababu kisa hiki husimuliwa vibaya mara nyingi, na mwalimu wa maadili anayekoleza chumvi ushahidi hana tofauti na yule kijana wa beseni. Waraka ule haukuihusu Pinto peke yake, bali magari na malori madogo ya Marekani kwa jumla, na ulizungumzia kuvuja kwa mafuta gari linapopinduka, si linapogongwa kwa nyuma. Thamani ile ya dola 200,000 kwa uhai mmoja nayo haikubuniwa na Ford. Ilitoka kwa mamlaka ya serikali ya Marekani iliyosimamia usalama wa barabarani. Wanafunzi wengine husikitika ninaposema hivyo, kana kwamba nimewanyang'anya mtu wa kumlaumu. Kwangu mimi jambo linazidi kuwa zito: wahandisi wenye akili timamu waliikuta mizani imeshatengezwa, wakapima kwa uaminifu, na hesabu yao haikuwa na kosa hata la senti moja.

Mwanafunzi aliye karani katika kiwanda cha chumvi aliuliza swali ambalo sikulitarajia: je, serikali inapoamua barabara ipi itiwe matuta na ipi isitiwe, haijaupangia uhai bei kimyakimya? Nilimkubalia. Fedha zina mwisho, na kupima hakuepukiki. Ila pana tofauti kati ya kupima hadharani, anayeweza kuumia akiwa amekaa mezani, na kupima ndani ya waraka ambao hatauona kamwe. Nikawakumbusha jirani zetu wa Lamu: tarehe 26 Juni 2019, mahakama ya kitaifa ya masuala ya mazingira ilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe, na miongoni mwa sababu kuu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Saa saba. Swala, wali na mchuzi, kusahihisha insha nne.

Saa nane mchana. Darasa la pili huwa na joto, na leo tulizungumzia tajiri, yule anayewapa wavuvi chombo, nyavu au mkopo, nao wakalazimika kumuuzia yeye samaki kwa bei iliyo chini ya ile ya ufuoni. Wengi walimhukumu mara moja. Ndipo msichana mmoja akainua mkono na kusema kwamba baba yake ni tajiri, na kwamba kusi inapovuma, ni yeye anayegongewa mlango usiku mtoto wa mvuvi anapougua, na hajawahi kumrudisha mtu. Darasa likatulia. Nilimwomba aandike ubaoni yote anayotoa baba yake, kisha nikamwomba mwenzake, mtoto wa mvuvi, aandike yote ambayo baba yake huyaacha kwenye mizani ya tajiri kwa mwaka mzima. Hawakufika mwisho, na sikuwaharakisha; kazi ya nyumbani ni kwenda kuwauliza wazee wao ni lini deni huisha.

Saa kumi na nusu. Mwanafunzi aliye kwenye mafunzo ya kazi hotelini alikuja ofisini akaufunga mlango. Msimamizi wake wa stoo anamtaka asaini kwamba wamepokea trei 40 za mayai ilhali amehesabu 36, na muuzaji ameahidi "kumwachia kitu". Alitaka nimwambie afanye nini. Nilimweleza kwamba kitu hicho kina jina lake katika Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, na kwamba sheria hiyo inamlazimu kila mwenye mamlaka, awe wa ofisi ya umma au kampuni binafsi, kuripoti ndani ya saa 24 anapojua au kushuku hongo. Kwa hiyo meneja akishaambiwa, jambo halimo tena mikononi mwa mwanagenzi. Lakini sheria haimfundishi mtu atakavyofungua kinywa mbele ya mkubwa wake. Basi tukafanya mazoezi, mimi nikiwa msimamizi, hadi akapata maneno yasiyo matusi wala woga: "Kaka, mimi naandika nilichohesabu."

Saa mbili usiku. Ujumbe wake umeingia. Ameandika 36. Msimamizi amelichukua kabarasha la stakabadhi mkononi mwake bila kusema neno, na zamu yake kesho inaanza saa moja asubuhi. Nimemjibu kwamba nitampigia simu kabla hajatoka nyumbani.