Siku niliyomwacha muuza maziwa anipite

Mwaka jana nilipania kutoka Arusha kwenda Moshi na kurudi kwa baiskeli siku hiyohiyo, kama kilomita 160. Moshi iko chini ya Arusha kwa zaidi ya mita 400, kwa hiyo kazi yenyewe ni kurudi, jua la utosi na miguu imeshachoka. Kwa kuogopa mpando huo nikaendesha kila siku, wiki tano mfululizo. Jumapili nikitoka kanisani hata chai sinywi.

Wiki ya sita miguu ikagoma. Kilima cha karibu na nyumbani, nilichozoea kukipanda nimekaa kwenye siti, nikakimalizia kwa kusukuma. Usiku usingizi haupatikani, mchana nafoka bila sababu. Mama watoto akasema nipumzike, la sivyo nikalale na hiyo baiskeli huko nje. Nikadhani ni malaria. Kipimo hakikuonyesha kitu.

Kilichonifumbua macho ni mapigo ya moyo. Huwa nayahesabu asubuhi kabla sijanyanyuka kitandani: 52, 54. Siku hizo yalifika 63. Nimelala, lakini mwili bado unahangaika na kazi ya jana.

Siku nne sikugusa baiskeli. Kisha nikapanga upya: Jumanne vilima, Alhamisi kasi, Jumamosi safari ndefu. Jumatatu na Ijumaa baiskeli haitoki ndani. Jumatano saa moja tu, taratibu, kiasi cha kupiga soga bila kuhema. Kila wiki ya nne napunguza kilomita zibaki nusu ya kawaida. Na mapigo ya asubuhi yakizidi kawaida kwa saba au nane, vilima vinaahirishwa, hakuna mjadala.

Jumatano ndiyo iliyonitesa. Vilima unauma meno vinaisha. Kwenda polepole kunagusa heshima ya mtu. Kuna kijana muuza maziwa wa Tengeru, ana Phoenix isiyo na gia, madumu mawili nyuma. Kila akinipita: "Shikamoo mzee, cheni imekatika?" Mara mbili nilimkimbiza, na Alhamisi zote mbili zikaharibika. Mara ya tatu nikaitikia marahaba, nikabaki na gia yangu nyepesi.

Wiki ya safari niliendesha mara mbili tu, roho ikinisuta. Jioni narudi kutoka Moshi, nimeipita Usa River na miguu bado inadai gia nzito, nikamkuta Tengeru na madumu matupu. Nikampita, nikageuka, nikamwuliza kama cheni yake ni nzima.