Salari slipu mbili mezani kwangu

Mama yule aliingia ofisini saa nane mchana, mikono bado inang'aa mafuta, akaweka salari slipu mbili mezani. Moja yake, nyingine ya mumewe. Wote wawili waliajiriwa mwezi uleule katika kiwanda chetu cha kukamua alizeti hapa Dodoma. Mume alikuwa na 361,000, yeye 250,000.

"Mwanangu, hebu nisomee. Maana asubuhi tunatoka wote, mlango mmoja."

Kazi yangu ni kuandaa mishahara, kwa hiyo nikampa jibu la kihasibu: mumeo amefanya ovataimu saa 32, halafu cheo chake ni mwendesha mashine na msingi wake ni 290,000. Wewe ni msaidizi.

"Haya. Na ile mashine ya kujaza madumu inaendeshwa na nani?"

Nikakosa jibu. Inaendeshwa na yeye, miaka minne sasa.

Jumamosi nikabaki na Excel. Tuko wafanyakazi 46 wa kudumu, wanaume 27 na wanawake 19. Wastani wa wanaume ulikuwa 342,000, wa wanawake 274,000. Pengo ni 68,000, karibu asilimia 20 ya anachopata mwanaume. Lakini wastani huyumba: mafundi wetu wawili wa mitambo, wote wanaume, wanauvuta juu peke yao. Nikawapanga watu kuanzia mwenye mshahara mdogo hadi mkubwa nikamchukua aliyesimama katikati kila upande, yaani mediani. Pengo likashuka hadi asilimia 14 na ushee. Nikaandika zote mbili; ukimpelekea mtu moja tu umeshamchagulia jibu.

Kisha nikajaribu kugawa kwa saa, nikidhani ovataimu itajitoa yenyewe. Haijitoi, kwa sababu saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, kwa hiyo aliyeifanya anabaki juu hata kwa saa. Ikabidi niitenge kwenye safu yake.

Pale Chuo cha Mipango tulifundishwa njia ya wachumi Oaxaca na Blinder ya 1973: unauliza wanawake wangelipwa ngapi kama wangekuwa na vyeo na saa za wanaume, halafu unatazama kinachobaki bila maelezo. Kwa watu 46 sikuhitaji mitambo mikubwa. Katika zile 68,000, ovataimu ilikula 31,000 na vyeo 37,000. Ndani ya cheo kimoja, mwanamke kwa mwanaume, tofauti ilikuwa sifuri.

Mzee, bosi wetu, alifurahi sana. "Umeona? Hakuna ubaguzi hapa. Pengo lote lina maelezo."

Na mimi nusura nifurahi naye. Kilichonizuia ni lile swali la madumu. Hesabu imekubali cheo kama kilivyoandikwa; haijauliza nani alikiandika. Wanaojaza madumu ni wanawake watano, wote "wasaidizi". Wanaokamua ni wanaume, wote "waendesha mashine".

Nikashuka na daftari, nikazipima kazi zote mbili kwa ujuzi, nguvu, wajibu na mazingira. Mkamuaji anavumilia joto na kelele, na huitambua mashine iliyosakamwa kwa kusikiliza tu. Mjazaji anarekebisha kipimo kila mafuta yakiwa mazito kwa baridi ya asubuhi (Juni ya Dodoma mnaijua), na kifuniko kimoja kikilegea katoni nzima inarudi. Jumla ya alama ikawa 38 kwa 36, karibu sawa.

Nikarudi kwa Mzee na kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kinachomtaka mwajiri ahakikishe malipo sawa kwa kazi yenye *thamani* sawa. Si lazima iwe kazi ileile. Lugha hiyo inatoka katika Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1951, ambao Tanzania iliuridhia 2002. Alinyamaza muda mrefu, akauliza itamgharimu kiasi gani. Arobaini elfu mara tano, nikasema, laki mbili kwa mwezi. Akasaini.

Ovataimu bado inanisumbua. Zamu ya jioni inaisha saa tatu usiku, na mama mwenye watoto na daladala ya kusubiri hajiandikishi. Tumefungua saa za ziada Jumamosi mchana. Wanawake watatu wameshajiandikisha. Vibarua wa msimu, ambao wengi ni wanawake, hawamo kabisa katika orodha niliyopima, na najua wakiingia namba zangu zitaharibika.

Nilipompa mama yule slipu mpya aliisoma mwenyewe, taratibu, kidole chini ya mstari.

"Asante mwanangu. Na ya ile miaka minne?"

Nimelipandisha swali juu. Mzee amesema nipige hesabu kwanza, na ndiyo iliyo mbele yangu sasa hivi.