Mtikisiko wa treni: anza na udongo, si futi kamba

Nyumba mbili zinaweza kuwa mita 20 kutoka relini, moja kwenye udongo laini wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, nyingine kwenye mchanga ulioshikana wa kuelekea Pugu, na zisitikisike sawa hata treni ikiwa ile ile. Kwa hiyo umbali pekee hautoshi kukadiria.

Hesabu ya kwanza, ya mitikisiko mingapi kwa sekunde (Hz), ni rahisi: kasi gawanya kwa nafasi kati ya mataruma. Mataruma yakiachana sentimita 60, treni ya kilomita 36 kwa saa hutoa mtikisiko wa karibu Hz 17. Kwa kilomita 160 kwa saa, kasi ya juu ya SGR (reli ya kisasa ya Tanzania), ni Hz 74. Udongo humeza Hz 74 mapema. Hz 17 husafiri mbali zaidi, na sakafu nyingi za zege za ghorofani huitikia kati ya Hz 10 na 30, zikaukuza. Ndiyo maana treni ya polepole inaweza kusumbua kuliko ya kasi. Ongeza gurudumu lenye sehemu bapa iliyolika kwa breki kukamata: hugonga reli kila mzunguko.

Kwenye udongo laini mno kuna hatari nyingine. Ledsgård, Uswidi, mwishoni mwa miaka ya 1990, treni ilikaribia kasi ya mawimbi ya ardhini na tuta likatikisika kupita kiasi; ikabidi udongo uimarishwe kwa nguzo za chokaa na saruji.

Kupima, chimbia geofoni (vifaa vya kupima mtikisiko wa ardhi) mita 8, 16 na 32 kutoka relini, ardhini kabisa. Ukiiweka juu ya majani au kigae kilicholegea, unapima majani na kigae. Rekodi pia dakika zisizo na treni, maana malori ya Barabara ya Mandela hujipenyeza kwenye data. Rudia wakati wa masika, maji ya ardhini yakipanda.

Watu huanza kuhisi mtikisiko ardhi ikisogea kwa kasi ya milimita 0.3 hivi kwa sekunde. Kikomo cha kuepuka uharibifu katika kiwango cha Ujerumani, DIN 4150-3, kwa nyumba za kuishi huanzia milimita 5 kwa sekunde, kwenye msingi. Dirisha kulia, basi, si ushahidi kwamba treni imepasua ukuta. Paka plasta ya jasi juu ya ufa, andika tarehe, kisha angalia kama inakatika treni zikiongezeka au mvua zikianza.