Siku moja na kadi 3,200 ukutani

Saa moja asubuhi. Nafungua jumba la maonyesho la chuo, nawasha taa, nakagua ngazi. Mimi ni fundi wa kutundika. Nimeshatundika picha, vioo, na mara moja baiskeli nzima. Wiki hii natundika watu.

Kila mtu ni kadi moja, mfano wa zile ambazo mochwari hufunga kwenye kidole gumba cha mguu wa maiti. Ziko zaidi ya 3,200, za waliokufa wakijaribu kuvuka jangwa la Sonora kutoka Meksiko kuingia Marekani, kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hadi 2019. Kazi yenyewe inaitwa Hostile Terrain 94, yaani ardhi hasimu. Waliobuni ni Undocumented Migration Project, mradi unaoongozwa na mwanaanthropolojia Jason De León.

Saa mbili na nusu. Wajitoleaji wanafika, wengi wao wanafunzi. Hakuna kadi inayochapishwa kwa mashine, zote zinaandikwa kwa mkono: jina, umri, jinsia, tarehe mwili ulipopatikana, mahali, chanzo cha kifo, hali ya mwili. Rangi ya kaki ni ya waliotambuliwa. Rangi ya chungwa ni ya wasiojulikana.

Leo kijana mmoja kamaliza kadi tano za chungwa mfululizo, kisha akaweka kalamu chini. Kilichomchosha, anasema, si kuandika vifo. Ni kuandika "haijulikani" mara nyingi kiasi kile: jina haijulikani, umri haijulikani, chanzo haijulikani, hali ya mwili: mifupa. Nikampa chai na rundo la kaki. Baada ya dakika chache akarudi mwenyewe kwenye chungwa.

Saa nne. Mtu anauliza 94 ni ya nini. Swali hili huja kila siku, nami silichoki. Mwaka 1994 kikosi cha doria ya mpakani cha Marekani kilipitisha mkakati wa kuziba njia za mijini, kama El Paso na San Diego. Hesabu yao ilikuwa kwamba milima na jangwa vitawatisha watu. Watu hawakurudi nyuma, wakazungukia huko huko jangwani. Joto na kiu vikawa askari wasiolipwa mshahara. (Hayo ya askari ni maneno yangu, msiyatafute kwenye waraka wowote.)

Saa tano hadi saa tisa. Kutundika. Ukutani tumechora ramani ya mpaka wa jimbo la Arizona na Meksiko, na kila kadi inachomwa pini pale pale mwili ulipopatikana. Mwenzangu anasoma namba, mimi natafuta sehemu.

Magharibi, upande wa mji wa Yuma, kazi ni nyepesi. Kadi ziko mbalimbali na kila moja inasomeka. Ukisogea katikati, kusini mwa jiji la Tucson na kwenye ardhi ya Watohono O'odham, wenyeji wa asili wa jangwa hilo, nafasi inakwisha. Kadi inakaa juu ya kadi, pini inagonga pini. Kufikia saa nane rundo limevimba kutoka ukutani kama kichuguu.

Hapo ndipo tulipobishana. Msimamizi alitaka tuzitawanye kidogo ili wageni wasome majina. Mimi nikakataa. Ukisogeza kadi sentimita chache, umemhamisha marehemu kilomita nyingi kutoka alikoangukia. Lakini hoja yake si ya kijinga: kwa mpango huu, aliyefia peke yake upande wa Yuma anasomwa na kila mpita njia, na aliyefia walikofia wengi anafunikwa na wenzake. Tumeziacha zilivyo. Bado linaniuma.

Chakula cha mchana nilikula nimesimama.

Saa kumi. Wageni wachache wanachungulia kabla ya ufunguzi. Wanarudi nyuma kupiga picha ya ukuta mzima, na kwa mbali, nikiri, unapendeza: kaki na chungwa kama majani ya vuli. Wakisogea karibu, simu zinashuka.

Saa kumi na mbili jioni. Wajitoleaji wameondoka. Zimebaki kadi arobaini na mbili, za kesho. Naokota pini sakafuni, maana moja ikibaki itamchoma mtu.

Mama wa usafi anaingia na ndoo yake. Tumesalimiana miaka mitatu bila kuongea zaidi ya hali ya hewa. Anasimama mbele ya lile rundo la katikati, anajifuta mikono kwenye aproni, kisha anainua kadi ya juu kwa ncha ya kidole. Anasoma ya chini yake. Anainua nyingine.

Bango la kukataza kugusa nimelibandika mwenyewe, liko hatua mbili kutoka alipo. Nikageuka, nikaendelea kutafuta pini ambazo nilikuwa nimeshazimaliza.