Meneja Hujengwa na Ratiba Yake ya Wiki

Kila mwaka ofisi nyingi hutumia fedha kuwapeleka wakuu wa idara kwenye mafunzo ya uongozi Morogoro au Arusha, nao hurudi na vyeti na mabegi yenye nembo, kisha Jumatatu inayofuata huketi kwenye viti vilevile wakisubiri taarifa ziletwe mezani. Sipingi mafunzo, kwa kuwa nimeyahudhuria na kufaidika nayo. Lakini kwa jinsi nilivyowaona mameneja wakikua au wakidumaa, kinachowatofautisha ni yale wanayoyafanya kila wiki bila kukumbushwa, na la kwanza kati ya hayo ni kwenda mahali kazi inapofanyika.

Husimuliwa kwamba Taiichi Ohno, mmoja wa waasisi wa mfumo wa uzalishaji wa Toyota, alikuwa akichora duara kwa chaki kwenye sakafu ya kiwanda na kumtaka msimamizi asimame ndani yake kwa saa kadhaa, atazame tu, kisha aeleze alichokiona. Anayetazama kwa dakika tano huona watu wakihangaika, ilhali anayetazama kwa saa nzima huanza kuelewa kwa nini wanahangaika: muuguzi anamwacha mgonjwa na kwenda wodi ya pili kutafuta glavu, kwa sababu ufunguo wa stoo anao mtu ambaye zamu yake haijaanza.

Fikra za namna hiyo zilifika katika hospitali zetu kupitia 5S, mbinu ya kupanga na kutunza mahali pa kazi, ambayo Wizara ya Afya, kwa ushirikiano na JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, ilianza kuitumia katika Hospitali ya Rufaa Mbeya mwaka 2007. Hatua zake tano zinajulikana kwa Kiswahili kama sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia. Nne za mwanzo watumishi wanaweza kuzitekeleza wenyewe, maana rafu hupangwa na lebo hubandikwa hata mkuu akiwa safarini. Ya tano hufa pale ambapo mkuu hapiti, kwa kuwa mtumishi hung'amua upesi ni jambo gani mkubwa wake analijali, kwa kuangalia tu anapita wapi na anauliza nini.

Kwa hiyo ningeshauri saa moja kila wiki, katika siku iliyopangwa, bila msafara. (Msafara wenye madaftari hugeuza ziara kuwa ukaguzi, na kabla ya ukaguzi watu hupaka rangi.) Swali nalo lichaguliwe kwa makini. Ukiuliza habari za kazi, adabu yetu imekwisha kuandaa jibu, nalo ni "nzuri". Ukiuliza ni kitu gani kilimkwamisha leo asubuhi, unampa ruhusa ya kutaja tatizo bila kuonekana mlalamishi, na ruhusa hiyo ina uzito kwa kijana ambaye amekuamkia shikamoo na ambaye amelelewa asimsahihishe mkubwa. Alichokuambia kwenye korido kikiibuka katika kikao pamoja na jina lake, usitarajie kuambiwa kingine.

Tabia ya pili ni mazungumzo ya ana kwa ana na kila mtumishi. Andy Grove, aliyeiongoza Intel, kampuni ya Marekani inayotengeneza chipu za kompyuta, alishikilia kwamba kikao hicho ni cha mtumishi, hivyo ajenda ipangwe naye. Katika ofisi nyingi za kwetu mtumishi huitwa peke yake na mkuu pale tu anapotakiwa kujieleza kwa maandishi, na ndiyo maana mwito wenyewe humkosesha usingizi.

Ya tatu ni ngumu zaidi, na ninaiona yenye faida kubwa kwa meneja mwenyewe. Peter Drucker, mwandishi mashuhuri wa masuala ya uongozi wa taasisi, alishauri kwamba kila unapofanya uamuzi mkubwa uandike matokeo unayoyatarajia, kisha baada ya miezi tisa au kumi na miwili ulinganishe na yaliyotokea. Tuseme umemhamisha mtu kutoka mapokezi kwenda stoo: andika kwamba unatarajia dawa zisiishe kabla ya oda mpya kufika, na uandike sababu ya kumchagua yeye. Bila maandishi hayo, kumbukumbu itakuambia kwamba ulijua tangu mwanzo.

Najua pingamizi ni muda. Mara nyingi muda huo umekwama kwenye sahihi za vibali vidogo vya mafuta na posho, ambavyo naibu angeweza kuvishughulikia. Mkasimie madaraka hayo kwa barua inayotaja kiwango cha juu anachoweza kuidhinisha, na akishatia sahihi, faili lisirudi kwako kutafuta baraka. Ukiona kasoro, mwite faragha baadaye, wala usiutengue uamuzi wake mbele ya waliokuja kuomba kibali.